Njia ya Pembe Bila Wawindaji Wake

Mwaka 2006 Tanzania iliipelekea UNESCO pendekezo la kuitambua njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kuwa miongoni mwa maeneo yanayostahili kufikiriwa kwa Urithi wa Dunia. Vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora, na sifa yake kubwa ni tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Historia ya njia hiyo, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ina watu wengi: wamisionari na wapelelezi kutoka Ulaya, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, watemi kama Mirambo na Isike, na siku hizi hata wapagazi wameanza kupewa haki yao. Mtu mmoja bado hayumo. Njia inaitwa ya pembe, lakini aliyeingia porini akamwangusha ndovu hatajwi, wala hatajwi fundi aliyemfundisha. Hoja ya makala hii ni kwamba fundi huyo anastahili kukumbukwa, na kwamba namna bora ya kumkumbuka tumeachiwa na wawindaji wenyewe: kuutunza ujuzi pamoja na jina la aliyeufundisha.

Tuanze na ushahidi kwamba walikuwapo mafundi. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali palipokuja kuwa Tabora, Novemba 1857. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton alieleza kwamba kuwinda ndovu lilikuwa jambo zito, lenye maandalizi na masharti. Mganga alimpa mwindaji dawa za kumkinga, na mganga huyohuyo ndiye aliyemfundisha kutumia silaha yake. Mkuki wa ndovu ulifuliwa kwa taratibu maalumu. Kabla ya safari palikuwa na ngoma na nyimbo, na wake wa wawindaji walishiriki. Wanaume wakiwa porini, wake zao walitakiwa kujinyima mapambo na vyakula vizuri na kuwa waaminifu, kwa kuwa iliaminika kwamba kosa la nyumbani lingemwangamiza aliye porini. Burton alikuwa mwandishi mwenye dharau nyingi kwa Waafrika, hivyo hukumu zake hazina uzito. Lakini alichokiona kinatosha kutuonyesha kwamba uwindaji wa Unyamwezi ulikuwa taaluma. Ulikuwa na walimu na mafunzo, ulikuwa na miiko, na uliibana kaya nzima ya mwindaji. Vyama vya wawindaji wa ndovu, wanaojulikana Unyamwezini na Usukumani kwa jina la wayege, vilikuwa shule kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Katika shule ya namna hiyo hapakuwa na kitabu wala cheti. Kijana hakuweza kujifunza peke yake kupima umri wa unyayo, kusoma upepo, kutambua mti wa sumu ya mishale, au kujua saa ya kumwacha mnyama aende. Vilevile dawa haikuokotwa njiani. Ilipokewa kwa mtu, na mtu huyo naye aliipokea kwa aliyemtangulia. Ndiyo maana katika vyama vya kanda hii swali la nani alikufundisha lina uzito kama swali la nani alikuzaa. Wacheza ngoma wa Usukumani wamegawanyika tangu zamani katika makundi mawili makubwa, Wagika na Wagalu, na kila kundi huifuatilia asili ya dawa na heshima yake hadi kwa mwasisi mmoja, Ngika kwa wale na Gumha kwa hawa. Waasisi hao walifariki zamani sana, lakini majina yao yanatajwa hadi leo, kwa sababu anayeutumia ujuzi huo bila kutaja ulikotoka anahesabiwa kuwa hajaupokea kihalali. Kumbukumbu hapa ni sehemu ya kazi. Marehemu anakumbukwa kila mwanafunzi wake anapoingia kazini, na mwanafunzi wa mwanafunzi wake pia.

Uthabiti wa utaratibu huo unaonekana katika nyimbo. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alikusanya Usukumani nyimbo za kazi zaidi ya 300 na kuzichapisha mwaka 2010. Humo mna nyimbo za wawindaji wa ndovu, za wawindaji wa nungunungu na za vyama vya watu wa nyoka, pamoja na za wapagazi, za vibarua na za wakulima wanaolima kwa pamoja. Mpangilio wake una fundisho. Ndovu walipopungua, na baadaye misafara ya pembe ikafa, nyimbo hazikufa. Zilihama. Desturi za vyama vya wawindaji, yaani dawa, nidhamu, kiongozi wa nyimbo na ushindani wa makundi, ziliingia katika safari za upagazi, kisha zikaingia shambani kwenye vikundi vya jembe. Kwa hiyo mkulima wa pamba aliyelima kwa mdundo wa ngoma alikuwa mrithi wa mtu aliyewahi kulala porini Ugalla au Ukimbu akisubiri ndovu. Tukimwondoa mwindaji katika historia, tunabaki na mila ambazo hatujui zilianzia wapi.

Wapo watakaopinga, na wana sababu. Pingamizi la kwanza ni kwamba wawindaji hao ndio waliowamaliza ndovu wa magharibi. Ni kweli kwamba walishiriki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ndovu walipungua sana Unyamwezini, na wafanyabiashara wakalazimika kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema kutafuta pembe, kama alivyofanya Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora. Miiko ya vyama haikuweza kuzuia hilo. Hata hivyo, wawindaji wa mikuki, mishale na mashimo walikuwapo muda mrefu kabla ya misafara mikubwa. Kilichobadilika ni soko na silaha. Pembe zilitakiwa Ulaya na Marekani kwa vinanda na mipira ya biliadi, na bunduki zikamiminika kutoka pwani. Watemi nao, waliokuwa na haki ya kupewa angalau jino moja la kila ndovu aliyeuawa katika nchi yao, waliona utajiri huo na kuupigania. Nyungu ya Mawe, aliyeitawala Ukimbu hadi mwaka 1884, aliweka wawakilishi wake sehemu mbalimbali ili pembe zimfikie. Kumkumbuka mwindaji kwa haki ni kusema yote mawili: alikuwa fundi, na ufundi wake ulimezwa na biashara iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Wafanyabiashara na watemi tunawakumbuka pamoja na makosa yao. Hakuna sababu ya kumdai mwindaji usafi ambao wengine hawadaiwi.

Pingamizi la pili linahusu zama zetu. Hesabu za wanyamapori zilionyesha kwamba ndovu wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na sababu kubwa ilikuwa ujangili. Kwa nini basi tusifu uwindaji wa ndovu? Jibu ni kwamba kumkumbuka fundi hakumaanishi kumwita mwanafunzi wake arudi porini na bunduki. Sheria ilianza kubadilika zamani. Utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni za uwindaji mwaka 1896, zikamtaka mwindaji awe na kibali, na tangu hapo mzee aliyekuwa fundi kwa watu wake angeweza kuwa mhalifu mbele ya boma bila kubadili chochote katika mwenendo wake. Leo sheria inalinda wanyama kwa niaba ya taifa zima, na ni lazima iheshimiwe. Ila tofauti ya jangili na fundi inapaswa kufundishwa waziwazi. Fundi alikuwa na mwalimu, mtemi na jamii wa kumhoji. Jangili wa mtandao wa pembe ana mnunuzi tu. Kijana asiyejua kwamba uwindaji uliwahi kuwa na masharti ataamini kwamba porini hakujawahi kuwa na sheria isipokuwa ya askari, na imani hiyo haiusaidii uhifadhi. Tena ujuzi wa kusoma nyayo, kujua maji ya kiangazi na njia za wanyama ndio anaouhitaji askari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa pori la akiba.

Pingamizi la tatu hutoka majumbani. Familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, huona kwamba mambo ya wazee hao yalikuwa ya dawa na mizimu, na kwamba ni afadhali yazikwe pamoja nao. Dhamiri hiyo iheshimiwe. Hakuna anayelazimika kushiriki tambiko ili kumheshimu babu yake. Lakini ujuzi wa mzee ulikuwa mpana kuliko dawa zake. Ulikuwa ujuzi wa mimea, wa wanyama, wa majira, wa nidhamu na wa kuishi na wenzake katika hatari. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, aliandika mwaka 1946 kuhusu chama cha watu wa nyoka huko Usukumani, na mbinu zao dhidi ya sumu ya nyoka zilistahili kuandikwa hata kwa asiyeamini siri zao. Tukinyamaza, hatuufuti uchawi. Tunawaachia wageni kazi ya kutusimulia. Mmarekani Carnochan, aliyekuja nchini mwaka 1926 na msafara wa kukusanya wanyama hai kwa ajili ya bustani ya Washington, alichapisha mwaka 1935 kitabu juu ya chama cha nyoka cha Wanyamwezi, kwa mtindo wa visa vya kusisimua wasomaji wa kwao. Ni wazee wetu, lakini habari zao ziko katika Kiingereza cha mwingine.

Kwamba jambo hili linawezekana limeshathibitishwa. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alishirikiana na Wasukuma katika miaka ya 1950 kuanzisha makumbusho ambamo ngoma, vyama na vifaa vyao vimewekwa kwa heshima, ndani ya uwanja wa parokia ya Kikatoliki. Vyama bado hushindana kwa ngoma wakati wa sherehe za Bulabo, na dini haikuanguka kwa sababu hiyo. Tabora nayo ina historia kubwa ya pembe. Tembe la Kwihara linaweza kutenga chumba cha mafundi wa uwindaji: mkuki, upinde, nyimbo zilizorekodiwa, na majina ya walimu kama watu wa ukoo wanavyoyataja, kwa ridhaa yao. Shule zinaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee wa Sikonge, Urambo na Uyui wakaulize maswali mawili: ulijua nini, na nani alikufundisha? Jibu la swali la pili liandikwe kwa uangalifu uleule wa la kwanza, maana ndilo linaloelekea kusahaulika mapema zaidi. Wewe msomaji mwenye mzee wa namna hiyo katika ukoo, aliye hai au aliyetangulia, usisubiri makumbusho wala mtafiti. Andika jina lake, andika jina la mwalimu wake, andika alichokijua, kisha wasomee watoto.