Umepata oskiloskopu ya zamani? Usiichomeke kwenye umeme kwanza

Tektronix 465 ilitoka Marekani mwaka 1972, lakini mpaka leo bado inauzwa mitumba mtandaoni. Ina chaneli mbili na inafika megahezi 100. Kwa fundi wa redio au amplifaya inatosha kabisa, maana inakuchorea kwenye kioo jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Mita ya kawaida haikuoneshi hilo.

Shida ni ile haraka ya kutaka kuona kama inawaka.

Anza kwa kuigeuza nyuma. Kuna swichi ya kuchagua volti, 115 au 230. Umeme wa Marekani ni volti 120 hivi, wetu ni 230 hadi 240. Swichi ikiwa kwenye 115 halafu ukachomeka ukutani Dar au Nairobi, ukiwa na bahati itaungua fyuzi peke yake.

Ndani kuna hatari nyingine. Kioo chake kinafanya kazi kama cha TV ya chogo, kwa zaidi ya volti 10,000, na chaji inaweza kubaki hata ukishachomoa waya. Kama hujawahi kushika TV ya chogo ikiwa wazi, hii mpelekee fundi aliyewahi.

Sasa kapasita. Zile kubwa za elektroliti, zikikaa miaka mingi bila umeme, tabaka jembamba la ndani linalozuia umeme kupita hudhoofika. Ila kwenye 465 wasumbufu hasa ni tantalamu, vile vidogo vyenye umbo la tone. Vyenyewe havichoki taratibu. Vinapiga shoti ghafla, na kimoja tu kinatosha kuangusha laini nzima. Unadhani mashine imekufa, kumbe ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi.

Kwa hiyo pima kabla ya kuwasha. Mashine hii ina laini tano za umeme wa ndani: +110, +55, +15, +5 na -8. Weka mita kwenye ohms, pima kila laini na bodi ya chuma. Ukikuta karibu na sifuri, hapo pana shoti. Kitabu chake cha ufundi kinapatikana mtandaoni na kina mchoro wa saketi yote pamoja na volti zinazotakiwa. (Simu yako ya leo haiji na hata ukurasa mmoja wa hivyo.)

Kuna wanaong'oa kapasita zote siku ya kwanza. Mimi naona ni kujitafutia kazi: bodi ni ya zamani, joto la kuchomelea linabandua njia zake, halafu unabaki na matatizo mapya juu ya lile la mwanzo. Tafuta iliyokufa, badilisha hiyo.

Siku ya kuwasha, usiunge moja kwa moja. Pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani ya nyuzi, wati 100, iliyoungwa kwa siriz. Balbu ya LED haifai. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima haraka, bado kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea: toa balbu, pima zile laini tano. Zikisoma sawa ndipo uangalie kioo kinachora nini.