Maporomoko ya Materuni: Siku moja ya mgeni, kipato cha kijiji

MKULIMA wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro huvuna kwa msimu, hupeleka zao lake kwenye chama cha ushirika, kisha husubiri malipo. Bei hapangi yeye. Mwaka 2001 bei ya kahawa katika soko la dunia ilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, na wapo waliokata mibuni wakapanda mazao mengine.

Hata hivyo, katika vihamba hivyohivyo ipo bidhaa nyingine ambayo haiendi mnadani. Nayo ni njia ya miguu inayopita katikati ya migomba na mibuni hadi kwenye maporomoko ya maji.

Kijiji cha Materuni, kilichopo Uru Mashariki katika Wilaya ya Moshi, ni mfano mzuri. Kipo umbali wa kilometa 15 hivi kutoka Moshi mjini. Maporomoko yake hutajwa kuwa na urefu wa mita 80 hivi, na maji yake ni ya baridi kali kwa kuwa yanatoka juu mlimani. Safari yenyewe si ya kupanda kileleni. Haihitaji hema wala wapagazi. Mtu mwenye afya ya kawaida hutembea kwa taratibu saa moja hivi kwenda na kiasi hichohicho kurudi, na jioni analala kwake.

Ni safari rahisi, na hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa ni rahisi, wengi hudhani haihitaji mpango. Mgeni hufika saa sita mchana akiwa na chupa ya maji aliyonunua mjini, hukimbia hadi kwenye maporomoko, hupiga picha, hulipa kiingilio na kuondoka. Kijiji kinabaki na alama za viatu kwenye tope. Siku hiyohiyo ikipangwa vizuri, fedha huingia mikononi mwa kaya kadhaa.

Siku inavyopangwa

Mpango mzuri huanza siku moja kabla. Mwenyeji anapaswa kujua idadi ya wageni, muda watakaofika na kama watakula. Bila taarifa hiyo, mama lishe hawezi kununua nyama ya mtori, na mwenye migomba hawezi kukata mkungu. Simu moja ya jioni ndiyo inayoamua kama chakula kitaliwa kijijini au mjini.

Kundi linafaa kuondoka Moshi saa 2 asubuhi. Asubuhi mlima mara nyingi huwa wazi, na mawingu hukusanyika kadiri jua linavyopanda. Saa 3 wageni wanajiandikisha, wanalipa na kupewa stakabadhi. Saa 3:30 wanaanza kutembea, na saa 4:30 wanakuwa kwenye maporomoko. Wakikaa saa moja, watakuwa wamerudi kijijini kabla ya saa 7, wakiwa na njaa. Huo ndio wakati wa kutenga mtori au machalari.

Baada ya chakula ndipo ifuate kahawa: kukoboa, kukaanga kwenye chungu, kutwanga kwenye kinu na kuchemsha, mgeni akishika mchi mwenyewe. Mauzo ya ndizi, asali, parachichi na vikapu yawe mwisho kabisa, saa 9, karibu na gari. Mfanyabiashara anayepanga bidhaa zake mwanzoni mwa njia hupoteza mauzo, kwani hakuna mgeni anayetaka kubeba chane ya ndizi kwenda na kurudi mtoni.

Hesabu ya kikombe

Wakulima wengi hawajawahi kupiga hesabu ya kahawa kwa kikombe, kwa sababu wamezoea kuipima kwa kilo. Kilo moja ya kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa takribani gramu 800 za kahawa safi. Ikikaangwa hupungua tena, na hubaki gramu 650 hivi. Kikombe kimoja huhitaji gramu 10 za unga. Kwa maana hiyo, kilo moja ya kahawa ya maganda ni vikombe 65.

Tuchukulie kundi la watu 10, kila mmoja anakunywa vikombe viwili. Vikombe 20 vinahitaji gramu 200 za unga, yaani gramu 300 hivi za kahawa ya maganda. Kwenye mizani ya chama kiasi hicho ni kidogo mno. Mbele ya mgeni aliyelipia kuona na kuonja, ni biashara ya mchana mzima.

Lakini si fedha yote ni faida. Mkulima atoe gharama za kuni, sukari, vikombe vilivyovunjika na muda wa watu wanaohudumia. Aidha, miezi ya Julai hadi Oktoba ambayo wageni wa nje ni wengi ndiyo pia miezi ya kuchuma kahawa. Kijana akienda kuongoza wageni kila siku, buni zitaivia mtini na kudondoka. Njia nzuri ni kaya kupeana zamu, na wageni wapitishwe kwenye shamba linalochumwa siku hiyo. Kwa miezi isiyo ya mavuno, ihifadhiwe kahawa ya maganda iliyokauka vizuri kwa ajili ya maonyesho. Anayetaka kufunga kahawa kwenye pakiti na kuiuza aulize kwanza masharti ya leseni na viwango kwa Bodi ya Kahawa, ambayo makao yake ni Moshi, na kwa TBS.

Soko halipaswi kutazamwa kwa wageni wa nje peke yao. Shule, kwaya, vikundi vya wafanyakazi wa Moshi na Arusha, na ndugu wanaorudi nyumbani Desemba ni wateja pia. Mwezi huo nao una mvua za vuli, hivyo mpango uzingatie utelezi. Machi hadi Mei, wakati wa masika, njia na barabara ya gari huharibika, na safari nyingine ni bora ziahirishwe.

Usalama na maji

Ajali moja inaweza kuua biashara ya miaka. Mawe ya mtoni yana ukungu na huteleza. Mgeni avae viatu vinavyoshika chini, si ndala, na apewe mkongojo. Asisimame moja kwa moja chini ya maji yanayoporomoka, kwa kuwa huweza kushuka na mawe au magogo. Mvua ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kujaa ghafla hata kama kijijini jua linawaka. Kiongozi akiona maji yamebadilika rangi kuwa ya tope, awaondoe watu mara moja bila kungoja picha ya mwisho.

Jambo jingine ni uwazi. Kiingilio kiwe kimoja, kiandikwe mahali panapoonekana, na kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mgeni anayedaiwa mara tatu njiani na watu watatu tofauti harudi, na huwaonya wenzake.

Zaidi ya yote, maji hayo hayakuwekwa pale kwa ajili ya wageni. Mito ya mlima huu ndiyo inayolisha mifereji ya asili ya Wachagga inayonywesha migomba na mibuni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kibanda cha soda kinachojengwa ukingoni kwa kukata miti huleta fedha ya haraka, lakini miti hiyo ndiyo inayoshika udongo na kutunza unyevu wa chanzo.

Kijiji chenye maporomoko, kiwe Uru, Marangu au kwingineko milimani, kinaweza kuanza bila mkopo. Kinachohitajika ni watu wachache kukaa pamoja na kukubaliana: nani anapika, nani anaongoza, nani anakaanga kahawa, na mgeni analipa wapi. Mtaji mkubwa tayari unaporomoka mchana na usiku. Ukitunzwa, utamnywesha mgeni, na utainywesha migomba.