Gari Letu Lilipotetemeka

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kununua motokaa, nataka kuwaeleza jinsi fedha za shule zilivyopotea kwa pampu isiyokuwa na kosa.

Gari letu la petroli lilianza kuishiwa nguvu katika vilima vya kwenda Kabale, tena likifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa lilitetemeka mpaka viti vikalia. Siku moja tulimbeba mwenzetu mgonjwa. Likazima mlimani, tukakaa kando ya barabara saa nzima naye akiugua. Fundi mmoja alilisikiliza kidogo tu, akasema, "Pampu imekufa." Ikanunuliwa mpya. Gari likabaki vile vile.

Ndipo mzee dereva aliponiita. "Kijana, lete kalamu. Haya ni magonjwa mawili."

Tulianza na petroli. Pampu hukaa ndani ya tangi na kusukuma petroli kupitia chujio mpaka kwenye injini. Mzee alifunga geji kwenye bomba, akaiweka nje ya kioo cha mbele, maana petroli yenye presha haifai kuingizwa walimo watu. (Wala asikaribie mtu mwenye sigara!) Injini iliponguruma polepole geji ilisoma bari 2.5. Ukikanyaga mafuta sana, katika gari la namna yetu yapasa ipande hadi 3 hivi. Yetu mlimani ilishuka chini ya 2. Gari lililosimama hunywa kidogo, hivyo hata chujio lililoziba hulitosheleza. Mlimani ndipo njaa huonekana. Tulipolifungua chujio likamwaga maji meusi yenye kutu. Tukatia jipya, nguvu zikarudi.

Mtetemeko ulibaki. Katika barabara tambarare, tukiwa kwenye 80, mzee alikanyaga klachi, injini ikatulia, lakini gari likaendelea kutetemeka. Basi kosa halikuwa katika injini, sembuse pampu! Lilikuwa katika magurudumu au propela. Gurudumu lenye kasoro hupiga polepole kama ngoma. Propela huvuma kama nyuki, kwa kuwa huzunguka kama mara 4 gurudumu likizunguka mara 1. Letu lilivuma.

Tukaziba magurudumu kwa mawe, nikaingia chini. Hapa nawaomba mwangalie sana. Krosi ikifanya kazi imepinda haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko huharakisha mara 2 na kuchelewa mara 2. Krosi ya ncha ya pili huliondoa kosa hilo, ila kwa sharti kwamba uma za ncha zote mbili za propela zielekee upande mmoja. Zetu zilipishana. Mtu aliyebadili krosi mwaka uliopita aliichomoa propela bila kutia alama ya chaki, akairudisha alivyopenda.

Kuipanga upya kulituchukua alasiri moja na grisi kidogo. Pampu ya zamani ingali nzima, imefungwa katika gazeti, rafuni kwa mzee.