Majogoo mengi bandani? Usimlaumu jogoo wala joto

Kwa mfugaji wa Gisenyi, soko la mayai liko hatua chache tu: ng'ambo ya mpaka ni Goma, na akina mama huvusha trei. Ndiyo maana kutotoa vifaranga 20 ukapata majogoo 13 kunauma. Jogoo hatagi.

Wengi huchagua mayai ya mviringo wakiamini yatatoa matetea, na yaliyochongoka majogoo. Wengine huchezea joto la mashine ya kutotolea. Kazi bure! Jinsia huamuliwa na kuku jike, kabla yai halijapata hata ganda. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Jike ana Z na W. Akitoa Z anazaliwa jogoo, akitoa W tetea. (Kwa binadamu anayeamua ni baba, ingawa wanaolaumiwa ni wake.)

Anayetegemea joto la kiota ni mamba. Kwa kuku, joto baya huua viinitete tu.

Kwa kawaida huwa nusu kwa nusu, ila mayai yakiwa machache bahati huyumba. Ujerumani, iliyopiga marufuku kuua vifaranga dume kuanzia 2022, hukagua jinsia ndani ya yai. Hapa, mwenye kutaka mayai na apige hesabu ya nusu tangu mwanzo, majogoo ayanenepeshe kwa nyama.