Kuwafundisha Watoto Habari za Sayari

Mtoto wa shule ya msingi aweza kuyataja majina ya sayari zote nane bila kukosea, na huku asizijue hata kidogo. Sababu yake ni picha ya kitabuni. Kwa kuwa ukurasa ni mdogo, Jua na sayari hupangwa karibu karibu kama mafungu ya nyanya sokoni, na mtoto huamini anachokiona. Tena, jambo lililokaririwa bila kueleweka huzaa woga. Wengi wanaoikimbia Fizikia huku sekondari walianza kuogopa huko.

Dawa yake ni michezo na hadithi. Mradi wa Universe Awareness, ulioanzia Leiden, Uholanzi, uliwafundisha hivyo watoto wa nchi nyingi. Hapa kwetu Meru, mradi wa Telescopes to Tanzania ulileta darubini na kuwafunza walimu. Lakini mchezo nitakaoueleza hauhitaji darubini. Wahitaji njia ya mita 450 tu, nazo ziko tele Tengeru na Usa River.

Fanya mpira wa matambara wenye upana wa sentimeta 14. Hilo ndilo Jua. Kila hatua ndefu, yaani mita moja, ni sawa na kilometa milioni 10. Utaridi ni chembe ya mchanga, hatua 6 kutoka kwenye Jua. Zuhura ni punje ya ulezi, hatua 11. Dunia nayo ni punje ya ulezi, hatua 15. Meru na Kilimanjaro zote zimo juu ya punje hiyo, na Mwezi uko sentimeta 4 tu kando yake. Mirihi ni chembe ya mchanga, hatua 23. Mshtarii ni gololi, hatua 78. Zohali ni punje ya mahindi, hatua 143. Uranusi na Neptuni ni choroko, hatua 287 na 450. Pluto haimo, maana iliondolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006.

Kila mtoto ashike sayari yake, aende mahali pake. Kisha iwe hadithi. Paukwa! Pakawa! Jua lilimtuma mjumbe wake, Mwanga, awapelekee salamu majirani wanane. Mtoto mmoja awe Mwanga. Mwanga wa kweli hupita kilometa 300,000 kwa sekunde. Katika mchezo wetu asogee sentimeta 3 tu kwa sekunde, mwendo wa sisimizi. Atafika Dunia baada ya dakika 8 na kidogo. Akitoka saa mbili asubuhi, Neptuni atafika yapata saa sita na dakika 10 mchana. Hapo watoto watacheka, nao watakuwa wameelewa kwa miguu yao jambo ambalo picha haikuweza kuwaambia.

Mtoto akiuliza nyota iliyo jirani ya Jua iko wapi, mjibu kwamba kwa kipimo hiki ni kilometa 4,000 hivi. Ukianzia Mnara wa Saa wa Arusha ukaenda kaskazini kwa mstari ulionyoka, utaipita Kairo.

Basi, ndugu zangu, tukienda likizo tuwakusanye wadogo zetu, tucheze nao. Ulezi umo jikoni, na matambara hayakosekani. Watakapokuja sekondari, wasiikute Fizikia kama mgeni wa kuogopwa.