Jinsi ya kuifufua kompyuta kongwe ya Sun bila kuyapoteza yaliyomo

Msikilizaji wetu mmoja wa Ibra, katika eneo la Sharqiyah nchini Oman, ametuandikia kuwa amerithi kompyuta ya aina ya Sun Ultra 5 iliyokuwa ya marehemu ami yake. Mzee huyo alikuwa akiandikia humo nasaba ya ukoo wao, walioko Oman na waliobakia Unguja. Sasa mpwa wake auliza: vipi ataweka mfumo mpya wa uendeshaji wa jamii ya Unix, ili mashine ifanye kazi tena?

Jibu letu la kwanza ni kwamba asiuweke kwanza. Kuweka mfumo mpya ni kuifuta diski, na kilicho adimu hapa ni ile kazi ya mzee, wala si mashine. Familia nyingi za Ibra na Sur zina jamaa zao Unguja na Pemba, na wengi walirejea Oman baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu mwaka 1970. Majina ya mababu waliozikwa ng'ambo ya bahari mara nyingi hukumbukwa na mtu mmoja tu katika ukoo, naye akishaondoka, basi.

Ultra 5 ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya California mwaka 1998. Haikuwa kompyuta ya kawaida ya ofisini. Mashine za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi, wachora ramani na vyuo vikuu, nazo ziliendeshwa na Solaris, mfumo wa Unix wa kampuni hiyohiyo. Prosesa yake ni ya aina ya SPARC, wala si ya Intel. Kwa sababu hiyo CD ya Windows, au ya Linux iliyokusudiwa kompyuta za kawaida, haitaiwasha hata kidogo. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010.

Basi na aifungue mashine, aitoe diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine yenye Linux, kwa kutumia kiungo kinachogeuza waya wa zamani wa IDE kuwa USB. Viungo hivyo ni rahisi kupatikana. Kisha ainakili diski nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, iwe faili moja, kwa amri ya dd, au ddrescue ikiwa diski imeanza kuchoka. Diski za mashine hizo zilikuwa za gigabaiti chache tu, kwa hiyo nakala yake itaenea katika kifaa kidogo cha USB cha siku hizi. Linux huweza kuusoma mpangilio wa faili wa Solaris, mradi ielezwe hivyo kwa maneno ufstype=sun, na iagizwe kusoma tu, isiandike. Ikiwa mzee alitumia StarOffice, programu ambayo Sun iliinunua mwaka 1999, LibreOffice ya sasa huyafungua mengi ya maandishi hayo. Ayachapishe karatasini pia.

Ikiwa haja yake ilikuwa nasaba peke yake, anaweza kukomea hapo.

Akitaka kuendelea, atakutana kwanza na kikwazo cha betri. Ndani ya Ultra 5 mna chipu ndogo inayohifadhi saa na anwani ya mashine katika mtandao, na betri yake imefungiwa humohumo. Baada ya miaka zaidi ya 20 betri hiyo huwa imekwisha, na joto la kiangazi la Ibra au Nizwa halikuisaidia. Mashine huwaka ikilalamika kwamba haijui ni nani, na mtandao haufanyi kazi. Dawa yake ni kununua chipu nyingine, namba M48T59Y, au kuiandika upya anwani hiyo kila inapowashwa. Aliyeko Sur, karibu na bahari, na azitazame pia ncha za nyaya, kwani hewa ya chumvi huzila. Ibra adui ni vumbi.

Mfumo upi? Debian iliacha kuzitolea mashine za SPARC toleo rasmi baada ya lile la 7, la mwaka 2013. Miongoni mwa waliobaki nazo ni OpenBSD na NetBSD, zote mbili za bure na zote zikitokana na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mimi ningechagua OpenBSD, kwa kuwa maswali yake ni machache na maelezo yake yameandikwa vizuri, ingawa kwa Kiingereza tu.

Kwenye kibodi ya Sun abonyeze Stop pamoja na A. Itatokea alama ya ok, naye aandike boot cdrom. Majibu mengi yaliyopendekezwa yanafaa yalivyo. CD ndogo hupakua sehemu iliyobaki kwa mtandao, na ndiyo maana suala la chipu lilitangulia. Mara ya kwanza mashine itachukua dakika nyingi ikijiunga upya programu zake kwa ajili ya usalama. Asidhani imekufa, asiizime.

Asitarajie video wala kivinjari cha kisasa, maana kumbukumbu yake haizidi megabaiti 512. Itamfaa kijana anayejifunza Unix au lugha ya C, na itatunza faili za nyumbani. Kwa matumizi ya kila siku, kompyuta ya kawaida iliyoachwa baada ya Windows 10 kukoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 ni bora zaidi, lakini ahakikishe ni ya biti 64, kwani Debian 13, iliyotoka Agosti mwaka huohuo, haina tena CD ya kuiweka katika zile za biti 32.