Wachache Miongoni mwa Mamilioni

Mwanzoni mwa mwaka 1976, katika kambi ya jeshi ya Fort Dix, jimbo la New Jersey nchini Marekani, askari kadhaa walishikwa na mafua ya asili ya nguruwe na mmoja wao akafariki. Na matabibu, wakiikumbuka tauni ya mafua ya 1918, waliingiwa na hofu, hata Rais Gerald Ford akatangaza kwamba raia wote wachanjwe. Tangu tarehe 1 Oktoba hadi 16 Desemba, siku ilipositishwa kazi hiyo, watu zaidi ya milioni 40 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na yale mafua yaliyoogopwa hayakuja.

Yaliyozuka ni maradhi mengine, ambayo Guillain, Barré na Strohl, matabibu wa Kifaransa, waliyaeleza mwaka 1916: kinga ya mwili huishambulia mishipa ya fahamu, ganzi na unyonge vikaanzia miguuni na kupanda, pengine hata pumzi ikazuilika. Aghalabu mgonjwa hupona, ingawa kwa miezi mingi.

Lakini maradhi haya humpata mtu mmoja au wawili katika kila laki kwa mwaka, wachanjwe wasichanjwe, wala mwilini mwa mgonjwa hamna alama ya kumjulisha tabibu kama ni sindano iliyomdhuru. Kwa hiyo mtafiti Lawrence Schonberger na wenzake waliwakusanya wagonjwa zaidi ya 1,000, wakawapambanua waliochanjwa na wasiochanjwa, kisha wakahesabu majuma yaliyopita baina ya sindano na unyonge wa kwanza. Lau chanjo isingalihusika, wagonjwa wangalitawanyika sawasawa katika majuma yote. Kumbe walirundikana katika matano ya mwanzo, na zaidi katika la pili na la tatu. Ziada yao ilikuwa pungufu kidogo ya mtu mmoja katika kila laki ya waliochanjwa.

Dhara adimu kiasi hicho halidhihiriki katika majaribio ya watu elfu chache. Ndiyo maana naiona kazi ya karani wa hospitali, aandikaye tarehe ya sindano na tarehe ya ugonjwa bila ya kukosea, kuwa ni amana kubwa, kwani pasipo tarehe hizo waliopooza wangaliambiwa tu kuwa ni ajali.

Mwaka 1984 mtafiti mwingine, Alexander Langmuir, alizirudia hesabu hizo, akawatenga wagonjwa ambao kupooza kwao kulikuwa kudogo, na kwa wale waliopooza sana ziada bado ilionekana.